Beseni Juu ya Jiwe

Inspekta Leonida Makokha alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya helikopta, kichwa kikiwa nje ya mlango, na sketi yake ya kazini imekwisha kuchafuka kwa grisi. Helikopta haikuwa inakwenda popote. Ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa kituo kipya cha zimamoto, chini ya kilima cha Amukura, imezungushiwa utepe wa polisi. Lakini Leonida hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukimwambia moto unaunguza, atataka kwanza umwonyeshe kidole.

"Hapo ndipo Dancun hulala," alisema Kapteni Robinson, rubani, akiwa amechuchumaa kando yake. "Mimi nikiendesha siwezi kuona ndoo. Inaning'inia chini ya ndege, mita kumi na tano. Yeye ndiye macho yangu. Akisema shuka, nashuka. Akisema inua, nainua."

"Na jana akasema inua."

"Akasema iko sawa, inua. Nikainua. Ndege ikakataa kupanda, pua ikaanza kuinama kwa maji. Kuna kitu ilikuwa imeshika ndoo huko chini, Madam. Nikafinya kitufe, kulabu ikafunguka, ndoo ikabaki mtoni. Ningengoja sekunde mbili zaidi, sisi wawili mngetuokota na vijiko."

Leonida hakucheka. Kituo kile kilikuwa na wiki tano tu tangu kifunguliwe. Kiliwekwa pale katikati kwa sababu ya misururu ya malori, ya Malaba upande mmoja na ya Busia upande mwingine. Lori la mafuta likishika moto mle, gari la zimamoto halipiti hata dereva apige honi mpaka achoke. Jana Alhamisi, saa tatu asubuhi, kikawaka kitu kingine: ghala la mfanyabiashara aitwaye Alinga, mjini Busia. Ndoo ya kwanza ilipunguza moto wa mbele. Ya pili ilikuwa iangushwe nyuma, kwenye chumba cha mlinzi. Haikufika. Mzee Bwire, mlinzi, alikuwa amefungiwa ndani kwa kufuli, kama matajiri wengi wanavyofungia walinzi wao usiku, na asubuhi ile hakuna aliyekuja kumfungulia.

Na Mzee Bwire alikuwa na miadi. Saa tano asubuhi hiyohiyo alikuwa awe ofisini kwa Leonida, aeleze ni malori gani hushusha mizigo ya magendo pale usiku. Leonida ndiye aliyempigia simu na kumbembeleza akubali.

Mkuu wake alikuwa ameshaifunga kesi kichwani. Jumanne, Dancun Wandera, mtazama ndoo, alionekana Bumala akinywa soda na Alinga kwenye hoteli ya stendi. Nini tena? Alinga alitaka ghala liungue, kijana akanunuliwa, akasema "iko sawa" wakati si sawa. Saa kumi jioni gari lingekuja kumchukua Dancun apelekwe Busia kwa shtaka la kuua. Sasa ilikuwa saa sita na robo.

"Nichezee tena ile sauti," Leonida alisema.

Kofia ya Robinson ilikuwa na kamera ndogo iliyonasa sauti za ndani ya ndege. Alibonyeza simu yake. Safari ya kwanza, juu ya bwawa, sauti ya Dancun ilitoka changamfu: "Mita tano. Tatu. Kuna nguruwe kushoto, achana naye, ni wa mtu. Inazama. Imejaa. Kamba iko huru. Iko sawa, inua."

Safari ya pili, juu ya mto: "Mita tano. Tatu."

Kisha kimya. Leonida alihesabu kwa vidole. Kumi na moja.

"Iko sawa, inua."

"Kapteni, huyu ni mtu wa kutaja hadi nguruwe," Leonida alisema akiinuka na kujipangusa. "Hapa mbona amemeza ulimi?"

Robinson aliinua mabega. Hilo hata yeye lilikuwa limemkosesha usingizi.

Kwenye chumba cha redio, Terry, msichana wa kupokea simu na kuielekeza ndege, alikuwa ameandaa chai. Macho yake yalikuwa mekundu. Leonida alifungua daftari la safari. Ndoo ya kwanza: bwawani. Ndoo ya pili: kidimbwi cha mto Sio.

"Mbona mlibadilisha maji?"

"Ng'ombe, Madam. Nilipigiwa simu bwawa imejaa ng'ombe. Huwezi shusha ndege juu ya ng'ombe za watu."

"Nani alipiga?"

"Hakusema jina. Watu hupiga tu." Terry alivuta kamasi. "Dancun ni kama brother yangu. Hata kesho tulikuwa twende na yeye mahali. Sasa ona."

"Mahali gani?"

"Mambo yake ya nyumbani. Muulize mwenyewe."

Leonida aliandika "kesho" na kupiga mstari chini yake.

Njiani kwenda mtoni, Konstebo Quinton aliendesha akilalamika, jambo alilolifanya vizuri kuliko kuendesha. Alikuwa mtu wa Mombasa, na kila kitu cha bara kilimchosha. Jana alifika motoni amechelewa nusu saa, na bado lilikuwa linamuuma. "Barabara nzima ng'ombe, Madam! Kata nzima wanapelekwa sokoni Amukura, ati siku ya chanjo, tangu alfajiri. Mimi napiga king'ora, ng'ombe ananitazama tu."

Leonida alikuwa anatazama saa. Saa saba kasorobo.

Kidimbwi kilikuwa upande wa Bukhayo, mahali mto unapopinda na kutulia. Maji yalikuwa maangavu; ukisimama ukingoni unaona kokoto chini. Leonida alizunguka polepole akitazama miguu yake. Kwenye mzizi mnene wa mkuyu alikuta gome limechubuka, jeupe, bado bichi. Aliokota pale uzi wa nailoni wa bluu, mfupi kuliko kidole.

"Quinton, ile ndoo mliyoitoa jana. Minyororo yake ilikuwa na nini?"

Quinton alikuna kichwa. "Nyuzi nyuzi za bluu. Nilidhani ni zake."

"Ndoo ni ya manjano na minyororo ni chuma. Hii ni neti ya kufungia mizigo ya lori. Mtu aliitandaza hapa chini ya maji, akaifunga kwenye mzizi. Ndoo ikazama ndani yake, ikanasa. Baadaye akaikata na kuivuta."

"Lakini, Madam, bluu hivi, kwenye maji kama haya? Hata bibi yangu angeiona kutoka juu." Quinton aligeuka. "Basi Mkuu yuko sawa. Dancun aliiona, akanyamaza."

Leonida aliogopa kwamba ni kweli. Alisogea hadi kwenye jiwe pana ambalo kina mama hufulia. Juu yake palikuwa na kipande cha sabuni kilichoyeyuka nusu, na beseni kubwa la plastiki lenye maganda ya muhogo. Ndani ya maji, magunia mawili ya muhogo uliolowekwa yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba.

"Mama yako anaweza kuacha beseni mtoni usiku kucha?"

"Mama yangu? Hata likitoboka analirudia."

"Basi huyu alikimbia."

Alilipindua. Kule chini, kwa rangi nyekundu ya kucha, mtu alikuwa ameandika jina kwa herufi kubwa: BENEDETTA. Ndivyo kina mama wa kwao wanavyofanya, kwa sababu vyombo vya kijiji huazimwa kwenye matanga, na beseni lisilo na jina halirudi.

Saa nane na dakika kumi, Dancun Wandera aliletwa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi. Kijana mrefu, wa miaka ishirini na saba hivi, na midomo imekauka.

"Uliona nini pale mtoni?" Leonida alianza.

"Hakuna kitu, Madam. Niliangalia nikaona iko sawa."

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Jumanne ulikuwa Bumala na Alinga. Mliongea nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Kuna mzee amekufa, Dancun. Ameungua akigonga mlango. Unanipa mambo ya nyumbani?"

Machozi yalimjaa kijana. Leonida aliinama, akalitoa beseni chini ya meza, akaliweka katikati yao, jina likiwa juu.

Dancun aliruka kama aliyekalia siafu. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuza uso kabisa, akaweka mkono kwenye macho. Quinton alishika pingu zake akidhani anataka kutoroka. Leonida alimzuia kwa kiganja. Yeye alikuwa binti wa Bukhayo, na alichokiona alikijua tangu utotoni. Baba yake mwenyewe aliwahi kujitupa kwenye shamba la mahindi ya watu, na suti yake ya kanisani, kwa sababu alimwona bibi mzaa mama, mkwewe asiyeruhusiwa kutazamana naye, anakuja njiani.

"Ni mkwe wako," alisema taratibu. "Mama ya mke wako."

Kijana hakugeuka.

"Quinton, toa hilo beseni nje."

Lilipokwisha kutolewa, Dancun alishuka na ukuta mpaka akakaa sakafuni. Na sasa maneno yalimtoka yote kwa pamoja. Yeye na mkewe Vivianne walikuwa wamekaa miaka miwili bila kwenda kwao kujitambulisha. Kesho, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Alinga ni ndugu wa kuzaliwa wa Mama Benedetta, mjomba wa Vivianne. Baba mtu alishafariki, kwa hiyo mjomba ndiye angewapokea wageni. Bumala walikuwa wakipanga hilo. Terry alikuwa awe upande wa bwana harusi, kwa kuwa Dancun hana dada.

"Nilikuwa nimesema tatu. Nikaona mtu kwa maji. Nikaona ni yeye, namjua kwa picha. Na Madam, alikuwa anaoga. Alikuwa na leso kiunoni, basi. Ningefanya nini? Nilifunga macho. Nilifunga nikageuza kichwa, nikahesabu vile ndoo huchukua kujaa, nikasema inua. Kwa masikio tu."

"Kwa nini hukumwambia Kapteni kuna mtu chini?"

"Angeuliza yuko wapi, amesimama aje. Ningeangalia tena nimwambie."

"Na kwa nini hukutuambia sisi? Unaenda kufungwa maisha, kijana!"

Dancun alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nikisema kortini vile nilimwona mama, si nitakuwa nimemvua nguo mara ya pili, mbele ya watu wote? Mzee Bwire amekufa kwa sababu yangu. Hiyo nitabeba. Hii nyingine siwezi."

Leonida alitamani kumtukana na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimeshapita mara moja. Alisimama, akatazama saa. Saa nane na dakika thelathini na tano.

Kwenye gari Quinton alibadilisha gia mara mbili bila sababu. Kisha akasema, "Bahati mbaya ya ajabu. Neti iko pale, na mkwe naye yuko pale, dakika ileile."

"Wewe unaamini bahati?"

"Nilikuwa naamini mpaka ulivyouliza hivyo."

Mama Benedetta alikuwa uani kwake, anapanga sufuria za kuazima. Mama mnene wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kichwani. Chini ya ghala la mahindi majogoo wanne walikuwa wamefungwa miguu, wakingoja wageni wa kesho. Alipoliona beseni mikononi mwa Leonida, alikaa palepale kwenye kigoda.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu. Umenirudishia aibu yangu."

"Nimekurudishia beseni. Aibu si yako." Leonida alikaa chini kwenye mkeka, ili asimtazame kutoka juu. "Jana ulimwona nani mtoni?"

"Sikuona mtu wala kitu, nilikuwa nimekipa mgongo kina cha maji. Ndege ilinikuta majini nusu uchi. Nikaona ile kofia ya manjano mlangoni, nikajua ni huyo kijana wetu. Nilivuta kanga iliyokuwa juu ya jiwe, nikajifunika kichwa chote, nikachuchumaa. Maji yanarushwa huku na huku. Nikasikia ndege inalia vibaya, halafu ikaenda. Halafu kwa matete nikasikia mwanamume anahema, anavuta kitu kizito. Sikufunua. Nilidhani ni mkwe ameanguka. Nikatoka nimejifunika vilevile, nikakimbia."

Watu wawili walikuwa penye neti ile, mmoja angani na mmoja majini, na wote wawili walikuwa wamefumba macho kwa ajili ya kuheshimiana.

"Mama," Leonida alisema, "ulikuwa hujui ndege huteka maji pale?"

"Nani hajui? Tangu waanze sijakanyaga pale. Mimi natumia kisima. Nitaendaje mahali mkwe wangu anapita juu ya kichwa changu?"

"Basi jana?"

Mama Benedetta alianza kujibu, akasita. Mikono yake ilitulia juu ya sufuria.

"Niliambiwa. Niliambiwa muhogo wa kisimani unanuka, wageni hawataula, niupeleke mtoni, na mimi mwenyewe nijioshe huko nipumzike na kazi. Saa tatu. Nikasema ndege je? Nikaambiwa ndege haitakuja, imeshaongewa na msichana wa redio, hata ikiruka itateka bwawani. Tena kwa bwawa hakukuwa hata na ng'ombe jana, wote walikuwa kwa chanjo Amukura."

Leonida aligeuka taratibu kumtazama Quinton, na Quinton akamtazama. Ng'ombe waliojaa bwawani kwenye daftari la Terry ndio haohao waliomziba njia Quinton, kilomita saba kutoka hapo.

"Nenda kituo cha helikopta," Leonida alimwambia kwa sauti ya chini. "Kaa na Terry. Asiguse simu. Muulize ng'ombe wale walikuwa wa rangi gani. Mimi nitachukua boda."

Quinton aliondoka mbio. Kwa mara ya kwanza hakulalamika.

"Mama, aliyekuambia uende mtoni alijua Dancun akikuona atafumba macho. Hakukutuma kuloweka muhogo. Alikutuma wewe uwe pazia. Na kwa sababu hiyo mzee wa watu ameungua, na saa kumi mkwe wako anapelekwa Busia kuwa muuaji. Ni nani?"

Mama Benedetta aliwatazama wale majogoo. Uso wake ulikuwa umejua tayari. Ulikuwa unatafuta tu mahali pa kuliweka jina lenyewe.

"Jina hilo sitalitaja kwenye ua wa ndoa ya mtoto wangu," alisema. "Nipeleke huko mnakoandika."

Walifika kituo cha polisi saa kumi kasoro dakika nane, wawili kwenye pikipiki moja nyuma ya dereva, beseni likiwa mapajani mwa Mama Benedetta kwa sababu alikataa kuliacha tena. Gari la Busia lilikuwa limeshafika, injini ikinguruma. Mkuu alikuwa barazani na makaratasi. Na kwenye benchi la wageni, amevaa koti jeusi, alikaa Alinga.

"Nimekuja kuona haki ya mzee wangu Bwire," alimwambia Leonida kwa huzuni nzuri. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yake, na huzuni ikakatika. "Dada? Unafanya nini hapa?"

Mama Benedetta alimpita bila salamu.

"Makokha, umechelewa," Mkuu alifoka. "Mtoeni huyo kijana."

"Dakika tano, bwana. Kuna taarifa ya shahidi. Ninaomba uisikilize mwenyewe, na kijana awepo."

"Tukae chumba kimoja?" Mama Benedetta alishtuka, akashika mlango.

Leonida alivuta blanketi la kijivu kutoka selo, akalitundika kwenye waya wa taa, toka ukuta hadi ukuta. Akamkalisha Dancun upande wa dirisha, Mama Benedetta upande wa mlango, migongo ikielekeana, blanketi katikati. Mkuu alitaka kuuliza, akaona nyuso zao, akakaa.

Mlango Leonida aliuacha wazi. Alitaka benchi lisikie.

Mama Benedetta alisema yote: leso, maji, kanga kichwani, mtu wa kwenye matete. Hakujificha popote, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Upande wa pili Dancun alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini.

"Na aliyekutuma mtoni, mama?" Leonida aliuliza, kalamu tayari.

"Ni Alinga. Mtoto wa mama yangu. Tulinyonya titi moja."

Benchi la nje liligonga ukuta. Leonida alikuwa mlangoni kabla Alinga hajafika kwenye ngazi, na konstebo wa zamu akashika mkono wa koti lile jeusi. Alinga alipiga kelele kwamba mwanamke yule amechanganyikiwa, kwamba hana ushahidi wowote. Simu ya Leonida ikaita. Alikuwa Quinton, na nyuma yake Terry alisikika akilia kwamba habari ya ng'ombe aliagizwa aiseme, na kutaja jina lilelile. Mkuu alimtazama dereva wa gari la Busia, akaashiria kwa kidevu. Abiria angekuwa mwingine.

Leonida aliporudi chumbani, Mama Benedetta alikuwa bado ameketi vilevile, mgongo kwenye blanketi, beseni mapajani.

"Imekwisha, mama. Nitakupatia gari la kukurudisha."

"Bado." Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Hakugeuka, wala hakuinua sauti, kwa kuwa mtu hazungumzi na mkwe wake moja kwa moja. Alizungumza na Leonida. "Mwambie huyo mtu aliye huko nyuma kwamba kesho waje. Majogoo nimeshawafunga. Mwambie tu hakutakuwa na mjomba wa kuwapokea. Nitawapokea mimi mwenyewe, nikiwa ndani, mlango ukiwa umefungwa."